Thelathini na Tisa

Saa kumi na moja na nusu, Muhumba imejaa ukungu
na Papa Zihalirwa amekwisha kukasirika.
Umechelewa dakika mbili, anasema.
Saa yangu inasema nimewahi tatu.
Naishusha mkono wa sweta, naifunika.
Hili ndilo zoezi la kwanza, na ni langu.

Alikuwa mtu wa forodha pale Ruzizi,
miaka thelathini na moja akihesabu magunia ya watu.
Kisha usiku mmoja damu ikampasukia kichwani,
mguu wa kushoto ukasahau kazi,
na daktari akaandika: ngazi, kila siku, na mtu wa kumsimamia.
Mtu huyo ni mimi. Jina langu halijui.
Ananiita kasichana. Nina watoto watatu.

Wateja wengine wana ukaidi wao.
Mama Bitondo huchuchumaa simu ikiwa sikioni,
akigombana na mtu wa Uvira juu ya mifuko ya saruji;
nimejifunza kupenyeza "shuka, panda" kati ya pumzi zake,
kama atiaye chumvi chungu kikitokota.
Achille huniuliza kila Jumatatu misuli yake iko wapi,
kana kwamba nimeificha mimi.
Hao nawaweza. Ukaidi wao una mlango.
Papa Zihalirwa ni ukuta,
tena ukuta uliopandwa vipande vya chupa juu.

Ngazi ni sitini na nne, kutoka barabarani hadi lango lake.
Anapanda akihesabu kwa sauti ya ofisi,
na katikati anasimama, anaanza:
mwashi aliiba mchanga, viatu vyangu ni vya kuchezea ngoma,
diploma hiyo niliinunua kwa nani?

Mwezi wa tatu nikamjibu.
Nilisema neno ambalo mtu haliambii rika la baba yake,
nikashuka peke yangu hadi Nguba,
nikanunua sambaza, nikazila nikiwa nimesimama.
Jioni nilimfokea mwanangu kwa sababu ya kijiko.
Kijiko.

Kocha Murhula, aliyenifundisha ndondi, alikuwa akisema:
mtu mgumu usimsukume, mzunguke.
Basi nikamzunguka, usiku, umeme umekatika,
kwa mshumaa na daftari langu la mahudhurio.
Jumanne: ugomvi, ngazi ya thelathini na tisa.
Alhamisi: thelathini na tisa. Mvua, jua, thelathini na tisa.
Nikasema moyoni, ni goti.

Kesho yake tukaanzia ngazi ya ishirini,
ili nilione hilo goti.
Alipita pale pa ugomvi bila kutazama.
Mwashi akaja kutukanwa kwenye ngazi ya hamsini na tisa.

Nikamtazama mdomo.
Ulikuwa unaitafuta arobaini
kama mkono unaopapasa kiberiti gizani,
mkono uliozoea kiberiti kiwe palepale.
Miaka thelathini na moja ya magunia,
na baada ya thelathini na tisa, hakuna kitu.

Sikumwambia. Hata mkewe sikumwambia.
Nilisema tu: Papa, nina tabia mbaya,
napanda nikihesabu kwa mdomo, univumilie.
Thelathini na nane, tukasema. Thelathini na tisa.
Arobaini, nikasema peke yangu, nikitazama ziwa.
"Na moja!" akadaka,
kama aliyekamata gunia lisilolipiwa ushuru.
Na mbili. Na tatu.
Langoni akageuka, jasho likimtiririka:
"Unapiga kelele sana, kasichana. Mimi si kiziwi."

Mwisho wa mwezi alinipa noti ya dola kumi
yenye mpasuko mdogo pembeni.
Anajua, kama ninavyojua,
hakuna duka Kadutu litakaloipokea.
Nikamrudishia bila neno.
Akatoa nyingine, nzima, imekunjwa vizuri.
Ilikuwa tayari kwenye mfuko wa pili.